Kumjenga Subutai kama jemadari shujaa katika mchezo wa mkakati: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wapenzi wengi wa michezo ya mkakati ya kihistoria hukutana na Subutai, jemadari wa Wamongolia wa karne ya kumi na tatu, kwenye kioo cha kompyuta kabla ya kukutana naye katika kitabu chochote. Yumo katika Age of Empires II, mchezo uliotolewa mwaka 1999, ndani ya mfululizo wa vita vya Genghis Khan, na jina lake limeandikwa Subotai. Anapanda farasi, anapiga upinde, na anakufa kwa shida kuliko wenzake. Hapo ndipo sifa zake zinapokomea, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Kanuni inayotumiwa kutengeneza shujaa katika michezo ya aina hii ni rahisi: huchukuliwa askari wa kawaida, akaongezewa uhai mara kadhaa, akaongezewa nguvu ya kupiga, kisha akapewa jina la mtu mashuhuri. Kanuni hiyo yaweza kumfaa mfalme aliyejulikana kwa kuingia vitani yeye mwenyewe na upanga mkononi. Kwa Subutai haifai hata kidogo, kwa sababu huyu ni mwana wa mhunzi wa kabila la Uriankhai aliyepanda cheo kwa kujua adui yuko wapi, atafika wapi, na ni nani atakayemkuta huko. Hivyo jemadari tutakayemjenga hapa atakuwa na thamani kubwa zaidi pale anaposimama mbali na mapigano kuliko pale anapojitosa ndani yake. Mfano wote nimeuweka katika kihariri cha Age of Empires II, toleo lililofanyiwa marekebisho la 2019, kwa kuwa ndicho ninachokitumia. Fikra yake, hata hivyo, inahamishika kwenda katika mchezo wowote unaokuruhusu kuchora ramani na kupanga matukio.

Maneno mawili yanahitaji kuelezwa kabla hatujaanza. Kihariri ni ile sehemu ya mchezo inayomwezesha mtumiaji kuchora uwanja wake, kuweka majeshi na kuandika masharti ya ushindi. Kichochezi ni amri yenye pande mbili, sharti na tokeo: jambo hili likitimia, jambo lile litendeke. Karibu kazi yetu yote itafanyika katika vichochezi.

Hatua ya kwanza: chagua siku moja katika maisha yake

Subutai aliishi takriban kuanzia mwaka 1175 hadi 1248, na safari zake za vita zilianzia China zikafika Hungaria. Mwaka 1220 yeye na jemadari mwenzake Jebe walimfukuza Shah Muhammad, mtawala wa dola ya Khwarazm katika Asia ya Kati, hadi alipofia kwenye kisiwa katika Bahari ya Kaspi. Kisha wakapita Azerbaijan na Georgia, wakavuka milima ya Kaukazi, na mwaka 1223 wakawashinda wakuu wa Warusi pamoja na Wakipchak, wafugaji wa kuhamahama wa nyika, kwenye mto Kalka baada ya kujifanya wanakimbia kwa siku kadhaa. Miaka ya 1230 alikuwa tena China akipigana na dola ya Jin ya China ya kaskazini, ambayo ilianguka mwaka 1234. Baada ya hapo ndipo ilipokuja safari kubwa ya magharibi, chini ya mwanamfalme Batu kwa jina na chini ya Subutai kwa mipango: Ryazan mwaka 1237, Kiev mwaka 1240, Poland na Hungaria mwaka 1241.

Ukijaribu kuyatia yote hayo katika ramani moja utapata orodha ya miji inayochomwa, na mchezaji hatajifunza lolote kuhusu mtu huyu. Chagua siku moja. Mimi nimechagua tarehe 11 Aprili 1241 katika uwanda wa Mohi, kando ya mto Sajó, ambako jeshi la Mfalme Béla IV wa Hungaria lilivunjwa. Siku mbili tu kabla yake, tarehe 9 Aprili, jeshi jingine la Wamongolia lilikuwa limemshinda na kumuua Henry II wa Silesia huko Legnica, mamia ya kilomita upande wa kaskazini, ili Wapoland wasipate nafasi ya kuwasaidia Wahungaria. Mpangilio huo wa siku mbili unaeleza akili ya Subutai kuliko idadi yoyote ya pointi za uhai utakayompa.

Hatua ya pili: mpangie sifa zake za msingi

Msingi mzuri wa kuanzia ni Mangudai, mpiga upinde wa farasi ambaye ni askari wa pekee wa Wamongolia katika mchezo huu. Mangudai ana uhai wa pointi 60 na kazi yake ni kupiga huku akisogea. Mpe Subutai uhai wa pointi 120. Watakaojaribu ramani yako watakuambia kwamba ni kidogo mno kwa shujaa, nawe usikubali, kwa sababu udhaifu huo ndio utakaomlazimisha mchezaji kumweka nyuma. Nguvu yake ya kupiga iache kama ya Mangudai wa kawaida. Kasi yake iongeze kidogo, kwa kuwa atazunguka sana kutoka kikosi hadi kikosi.

Sifa ya kuongezwa kwa ukarimu ni upeo wa kuona. Kabla ya safari ya magharibi Wamongolia walikuwa na taarifa nyingi kuhusu nchi walizoziendea, walizozipata kwa wafanyabiashara, kwa mateka, na kwa vikosi vya upelelezi vilivyotangulia mbele ya jeshi kuu. Mchezaji anayemwongoza Subutai anapaswa kuona mbali kuliko anayemwongoza mtu mwingine yeyote kwenye uwanja huo, na ajisikie kipofu kila anapomwacha jemadari wake mahali pasipofaa.

Angalia pia kujiponya. Katika toleo la 2019 mashujaa wengi hurudishiwa uhai wao polepole bila msaada wa mtawa, ambaye kazi yake katika mchezo huu ni kuponya. Hilo halidhuru, lakini likiunganishwa na uhai mwingi linamfanya mchezaji amtumie shujaa kama nyundo: apige, arudi, asubiri, apige tena. Kwa uhai wa pointi 120 mbele ya wapiga mishale wengi, nyundo hiyo huvunjika mapema.

Hatua ya tatu: mfanye awape wengine nguvu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Michezo mingine imelitatua jambo hili vizuri. Katika Civilization VI jemadari mkuu hapigani kabisa. Vikosi vya zama zake vilivyo ndani ya vigae viwili vya ramani kutoka aliposimama huongezewa pointi 5 za nguvu ya vita na hatua moja ya mwendo. Katika Age of Empires IV, Khan wa Wamongolia hurusha mishale ya ishara inayowaongezea wapiganaji walio karibu mwendo, kasi ya kupiga au kinga. Mishale hiyo imekaribia sana ukweli, maana majeshi ya Wamongolia yaliongozwa kwa bendera, kwa taa wakati wa usiku, na kwa mishale iliyotengenezwa ipige mluzi hewani.

Kihariri chetu hakikupi njia nyepesi ya kuunda duara la nguvu linalomfuata shujaa kila anakokwenda, kwa hiyo tutatumia ardhi yenyewe. Chora vilima vitatu vidogo kwenye ukingo wa mashariki wa mto, na juu ya kila kimoja simamisha bendera. Kila kilima kipe vichochezi viwili. Cha kwanza kina sharti kwamba Subutai amefika ndani ya eneo la bendera, na tokeo lake ni kuwaongezea wapiga upinde wa mchezaji pointi 2 za nguvu ya kupiga. Cha pili kina sharti kwamba Subutai hayumo tena ndani ya eneo hilo, na tokeo lake ni kuwapunguzia pointi zilezile 2. Kila kichochezi, kinapomaliza kazi, kijizime chenyewe na kimwashe mwenzake.

Sisitizo langu juu ya kuzima na kuwasha limetokana na kosa nililolifanya. Mara ya kwanza nilikiacha kichochezi cha kwanza kijirudie bila kukizima, nikidhani kwamba mchezo ungeelewa kuwa nyongeza ni moja tu. Haukuelewa hivyo. Kila kichochezi kilipojirudia, pointi 2 ziliongezwa juu ya zile zilizotangulia, na baada ya muda mfupi wapiga upinde wangu kumi walikuwa wakiangusha ngome ya mawe kama watu wanaoangusha banda la makuti. Nilitumia jioni nzima nikitafuta hitilafu katika sifa za ngome, ilhali hitilafu ilikuwa katika alama moja ndogo ya kurudia. Ukiona nguvu zinapanda bila sababu, anza kukagua hapo.

Nyongeza za vilima zitofautishe. Kilima kinachotazama daraja kiongeze nguvu ya kupiga, kilima cha kati kiongeze mwendo wa farasi, na kilima cha kusini, karibu na maji yenye kina kirefu, kisiongeze chochote isipokuwa kuonyesha sehemu ya ng'ambo iliyofunikwa na giza. Mchezaji atalazimika kuchagua jemadari wake asimame wapi katika kila dakika ya vita, na uchaguzi huo ndio mchezo wenyewe.

Hatua ya nne: chora mto na daraja

Mto Sajó upite kutoka kaskazini hadi kusini mwa ramani. Upande wa magharibi weka kambi ya Wahungaria, iliyozungushiwa magari ya kukokotwa. Kambi yenyewe mwaka ule ilizungushiwa magari yaliyofungwa pamoja, na watu na farasi walibanana humo kiasi kwamba ulinzi wao uligeuka kuwa mtego. Iache nafasi ya ndani iwe finyu kuliko unavyoona inafaa.

Katikati ya mto weka daraja la mawe, na kando yake maji mafupi yanayovukika. Kusini, mto uwe na kina. Hapo ndipo Subutai alipovusha kikosi chake kwa daraja alilolijenga mwenyewe, wakati Batu akipambana kwenye daraja la mawe. Kuunda daraja jipya katikati ya mchezo kuna usumbufu mwingi, kwa hiyo tumia hila hii: chora kivuko chembamba cha maji mafupi kusini tangu mwanzo, kisha uzibe mdomo wake kwa mstari wa miti iliyosongamana kwenye ukingo wa mashariki, mahali ambapo wapanda farasi hawawezi kupenya. Muda wa ujenzi ukitimia, kichochezi kinaiondoa miti hiyo, na ujumbe kwenye kioo unamwambia mchezaji kwamba daraja limekamilika.

Sharti la kuanza kwa ujenzi liwe kufika kwa Subutai kwenye ukingo wa kusini, na muda wake uwe dakika tano ambazo lazima azikae pale pale. Akiondoka, saa isimame. Maana yake ni kwamba kwa dakika tano hayupo kwenye kilima kinachowapa wapiga upinde nguvu, na Batu anaumia darajani bila msaada wake. Wachezaji wengi wataondoka katika dakika ya tatu. Waache waondoke, wataona wenyewe kilichotokea.

Hatua ya tano: mweke Batu mikononi mwa kompyuta

Jeshi la Batu lisiwe chini ya mchezaji. Lifanye mshirika anayeendeshwa na kompyuta, na vichochezi vilisukume kwenye daraja mapema kupita inavyofaa. Mpe mitambo ya kurusha mawe, kwa kuwa ndiyo iliyowafukuza walinzi wa daraja kulipopambazuka. Wahungaria nao uwape walinzi imara pale darajani tangu mwanzo, kwa sababu walikuwa wameonywa: mtumwa wa Kirusi aliyewatoroka Wamongolia aliwapasha habari ya shambulio, na usiku ule wakawarudisha nyuma waliojaribu kuvuka kwanza.

Wapo wabunifu wanaopenda kumpa mchezaji kila kitu mkononi. Kwa vita hivi nadhani wanakosea. Ugumu wa Subutai ulikuwa kwamba alipaswa kupanga ushindi pamoja na mwanamfalme aliyekuwa juu yake kwa nasaba na asiyeweza kuamrishwa, na mchezaji hawezi kuuhisi ugumu huo kama Batu naye anatii kila anapobofywa.

Hatua ya sita: acha mlango wazi

Kikosi cha Subutai kinapotokea upande wa kusini na kambi ikazingirwa, mchezaji wa kawaida atataka kuziba kila upenyo. Mtengenezee sababu ya kutofanya hivyo. Upande wa magharibi wa kambi, unaoelekea mji wa Pest, chora njia pana yenye eneo lake la kuhesabia askari. Kama eneo hilo halina askari hata mmoja wa mchezaji, kichochezi kiwaamuru Wahungaria waliobaki wakimbilie huko kwa makundi madogo. Kama mchezaji ameliziba, kichochezi kingine kiwaongezee Wahungaria pointi 3 za nguvu ya kupiga na 2 za kinga, maana mtu asiye na pa kukimbilia hupigana mpaka mwisho.

Ndivyo ilivyokuwa Mohi. Wamongolia waliacha upenyo kwa makusudi, Wahungaria wakautumia, na wengi wakauawa njiani wakiwa wametawanyika na kuchoka. Nimejiuliza mara nyingi kama ni haki kumfanya mchezaji atende jambo hilo kwa vidole vyake. Jibu nililolifikia ni kulionyesha bila kulipamba: usiweke muziki wa ushindi katika sehemu hiyo, na usimpe mchezaji pointi kwa kila anayekimbia akauawa. Sharti la ushindi liwe kuitwaa kambi, si kummaliza kila mtu. Mfalme Béla mwenyewe afanikiwe kutoroka, kama alivyotoroka.

Hatua ya saba: amua kifo chake kina maana gani

Katika michezo mingi shujaa akifa, mchezo umekwisha. Kwa ramani hii nakubaliana na desturi hiyo, kwa sharti kwamba mchezaji aonywe mapema. Weka kichochezi cha kumwonya uhai wa Subutai unaposhuka chini ya pointi 60, chenye ujumbe mfupi wa kumtaka amrudishe nyuma. Usimfufue jemadari katikati ya vita, kwani mchezaji akishajua kwamba atarudi, atamtoa kafara kila anapobanwa.

Wakati wa uandishi wa ujumbe huu na mwingine wote, tumia Kiswahili kamili. Vyeo vya jeshi vinaelezeka bila shida: jeshi la Wamongolia lilipangwa kwa kumi, mia, elfu na elfu kumi, hivyo "mkuu wa elfu" hueleweka mara moja na msomaji yeyote. Neno tumeni, yaani kikosi cha watu elfu kumi, laweza kubaki lilivyo mradi ulifafanue linapotokea mara ya kwanza. Ujumbe usizidi mistari miwili, kwa kuwa vita haviwasubiri wasomaji.

Hatua ya nane: jaribu kwa macho ya watu watatu

Mpe ramani mtu asiyewahi kucheza mchezo huu, mtu anayeucheza kila siku, na mtu anayependa historia kuliko mchezo. Kaa nyuma yao, usiseme neno. Yule wa kwanza atakuonyesha maelekezo yasiyoeleweka. Yule wa pili atatafuta njia ya kushinda bila kumtumia Subutai, na akiipata, rudi kwenye hatua ya tatu uongeze thamani ya vilima au upunguze askari wake wa kuanzia. Kipimo changu ni hiki: mchezaji hodari akimficha jemadari kwenye kona ya ramani tangu mwanzo hadi mwisho, ashindwe. Akimrusha katikati ya mapigano, ashindwe pia. Yule wa tatu atalalamikia mavazi na rangi za bendera. Msikilize, lakini usiyape nafasi mbele ya vichochezi.

Hesabu pia muda. Vita hivi vikizidi dakika arobaini, mchezaji husahau kwamba alikuwa akikimbizana na mapambazuko. Nafasi nzuri ya kupunguza ni mwanzoni, kabla ya daraja, ambako wabunifu hupenda kuweka ujenzi wa nyumba na ukataji wa kuni usiohusika na lolote. Subutai hakuja Mohi kukata kuni. Mpe mchezaji jeshi kamili tangu dakika ya kwanza.

Hatua ya tisa: kichochezi cha mwisho

Baada ya kambi kutwaliwa, usikimbilie kutangaza ushindi. Kumbukumbu za Kichina za nasaba ya Yuan, zilizokusanywa mwaka 1370, zinaeleza kwamba baada ya vita Batu alimlaumu Subutai kwa kuchelewa, kwa sababu kamanda wake Bahatu aliuawa pale mtoni. Subutai akajibu kwamba mwanamfalme alijua juu ya maji mafupi na daraja lililokuwa upande wake, lakini hakujua kwamba upande wa chini maji yalikuwa na kina na daraja lilikuwa bado linajengwa. Baadaye Batu alikiri kwamba mafanikio ya siku ile yalitokana na Subutai.

Kwa hiyo andaa vichochezi vitatu vinavyofuatana kwa tofauti ya sekunde kumi na tano. Cha kwanza kinaonyesha lawama ya Batu, na kama mchezaji alimaliza daraja la kusini kabla ya dakika ya ishirini, lawama hiyo iwe nyepesi. Kama alichelewa, iwe nzito na itaje idadi ya wapiganaji wa Batu waliopotea. Cha pili kinaonyesha jibu la Subutai kuhusu kina cha maji. Cha tatu kinatangaza ushindi, na kamera inarudi taratibu kusini, kwenye kivuko ambacho mchezaji alikaa dakika tano akingoja miti iondolewe.